Pima Magari Ubavu kwa Ubavu Kabla ya Kutoa Arbuni

Bwana mkulima, na wewe Bibi mkulima, somo letu la mwezi huu ni la gari. Wakulima wengi wa skimu za makazi za pwani, kutoka Shimba Hills mpaka Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, wakivuna vizuri misimu miwili mitatu huanza kuwaza gari. Si ajabu. Embe likiiva halingoji, na mwenye lori hutaja bei aitakayo kwa sababu anajua matunda yako yataoza keshokutwa. Basi fedha zikitimia, au zikikaribia kutimia, mtu hupanda matatu alfajiri mpaka Mombasa, huingia yadi ya kwanza anayoiona, na jioni hurudi nyumbani na gari. Kazi ya miaka kumi imetolewa kwa saa tatu.

Hatusemi usinunue. Twasema usitazame gari moja tu. Tafuta mawili au matatu, uyaweke ubavu kwa ubavu, uyapime kwa mzigo ule ule, njia ile ile na dereva yule yule. Mombasa ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Magari yatokayo Japani hushushwa katika bandari ya Kilindini, maduka ya spea yako karibu karibu, mafundi ni wengi, na ndani ya kisiwa kimoja utapata msongamano, vichochoro, mteremko wa feri na chumvi ya bahari. Gari likiwa na ila, kisiwa hiki kitakuonyesha kwa siku moja.

HESABU YA SHAMBANI

Kazi ya kwanza haifanyiki Mombasa. Inafanyika nyumbani kwako, kwa daftari na kalamu. Andika mzigo mzito kuliko yote unaopeleka sokoni kwa safari moja ni kilo ngapi. Andika safari ngapi kwa wiki, na usihesabu msimu wa maembe tu, hesabu mwaka mzima. Andika kilomita za lami, za udongo mwekundu, za mchanga, na za ule udongo mweusi unaoshika kama gundi baada ya mvua. Mwisho andika ni siku ngapi kwa mwaka njia yako haipitiki kwa gari la kawaida.

Swali hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama unahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ikiwa ni siku 10 tu kwa mwaka, pengine ni nafuu kungoja njia ikauke, au kumlipa mwenye trekta akuvute, kuliko kununua gari la bei kubwa linalokunywa mafuta mengi siku zote 365. Ikiwa ni siku 90, shauri ni jingine kabisa.

Tena usichanganye urefu wa gari kutoka ardhini na nguvu ya kuvuta. Gari laweza kuwa juu na bado likazama mchangani kwa kuwa linavuta kwa magurudumu mawili ya nyuma peke yake. Gari la Mobius II, lililoundwa hapa Kenya kwa ajili ya njia mbaya, lilikuwa la namna hiyo: limeinuka vizuri kuruka mawe, lakini linasukuma kwa nyuma tu. Kwa njia ya mawe lilifaa. Kwa mchanga mzito ni habari nyingine. Mwaka 2024 wenye kampuni walitangaza kuifunga, kisha akatokea mnunuzi. Tunalitaja kwa sababu swali la "nani ataniuzia spea baada ya miaka mitano?" si swali la kitoto.

GARI KUBWA AU DOGO?

Sasa tuyatazame magari yenyewe. La kwanza kila mtu analijua: Toyota Land Cruiser ya pikapu, ile ambayo askari, mahospitali na mashirika ya misaada huitumia katika njia mbaya. Jamii hii ya Land Cruiser ilianza mwaka 1984, na injini yake ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita imekuwapo tangu 1990. Haina taabo wala mambo mengi ya umeme, na fundi wa kijijini aliyezoea dizeli aweza kuifungua. Hubeba tani moja hivi. Springi za nyuma ni za vibao, chasisi yake ni ya ngazi, na ina gia ndogo ya kutambaa. Ubaya wake ni bei, mafuta na ukubwa. Tena ikiwa mtumba hushuka bei polepole sana, jambo lililo jema kwa anayeuza na baya kwa wewe unayenunua.

Land Rover ya zamani bado ina wapenzi wake, na wazee wengi wanakumbuka Bwana Shamba alikuja na gari hilo. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Bati lake ni la alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma. Kwa hewa ya chumvi ya Mombasa alumini ni neema, maana hailiki kama chuma, lakini usidanganyike: chasisi iliyo chini ni ya chuma, na huweza kuliwa kabisa huku mlango ukiwa bado unang'aa. Defender ya jamii ile ya zamani ilikoma kuundwa Januari 2016. Kwa hiyo unanunua gari la kutengeneza tengeneza. Mwenye ufundi mikononi hufurahi nalo, na asiye na ufundi hufilisika nalo.

Upande wa wadogo yupo Suzuki Jimny. Ina upana wa mita 1.65 tu, ina chasisi ya ngazi kama kaka zake wakubwa, ina gia ndogo, na kwa sababu ni nyepesi, uzito wake ukiwa kama kilo 1,100, hupita juu ya mchanga mahali ambapo gari zito huchimba kaburi lake. Lakini fungua mlango wa nyuma. Viti vikiwa wima, nafasi ya mzigo haitoshi hata magunia mawili. Ni gari la mwalimu, la daktari wa mifugo, la Bwana Shamba. Mkulima anayelinunua kwa ajili ya mazao amenunua ng'ombe wa maziwa akalime naye.

Kuna na vipikapu vidogo vya Japani, kama Suzuki Carry na Daihatsu Hijet. Sheria ya Japani inavitaka visizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya sentimita 660 za ujazo, na mzigo wake ni kilo 350. Vingine vinavuta kwa magurudumu manne. Watu huvicheka, wakisema ni vya kuchezea watoto. Sisi hatuvicheki. Wakulima wa mpunga na mboga wa Japani wamevitumia miaka mingi, na kazi ya mkulima mdogo wa pwani haitofautiani sana na yao.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hupotea. Tuseme soko liko kilomita 60, yaani kwenda na kurudi ni 120. Tuseme Land Cruiser inakunywa lita 13 kwa kilomita 100, na kipikapu lita 7. Hizo ni tarakimu za mfano. Zako utazipima mwenyewe. Kwa safari moja Land Cruiser itatumia lita 15.6, na kipikapu lita 8.4. Ukiwa na kilo 900 za kupeleka kwa siku moja, Land Cruiser itazipeleka kwa safari moja, na kipikapu kitahitaji safari tatu, yaani lita 25.2. Kidogo kimekula zaidi! Lakini ukiwa unapeleka kilo 300 za mihogo na ndizi mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, kipikapu kitatumia lita 16.8 kwa wiki na Land Cruiser lita 31.2. Tofauti kwa majuma 52 ni karibu lita 750. Basi hakuna gari la "mafuta kidogo" hivi hivi tu. Kuna gari linalolingana na mzigo wako, na kuna lisilolingana.

Mtu atasema, "Nitapakia kilo 700 katika kipikapu, mbona wengine hufanya hivyo?" Ni kweli hufanya. Tazama pia breki zao, beringi za magurudumu, na lile gurudumu lililolala kando ya barabara.

Tuktuk ya mzigo hatutaisema sana. Kwa lami na kwa mitaa ya mji ni hodari, bei yake ni ya kustahimilika, na fundi wake yuko kila kona ya Mombasa. Kwa njia ya mchanga au matope, gurudumu lile moja la mbele halivuti kitu, linalima tu.

Mwisho kuna kigari ambacho vijana wetu wanakiona katika picha: kigari cha wazi, watu wawili wanakaa ubavu kwa ubavu, kina usukani na mikanda, vyuma vya kuwakinga juu ya vichwa, na kisanduku cha mzigo nyuma. Kawasaki walianza kuuza Mule mwaka 1988, na Polaris wakaleta Ranger miaka kumi baadaye. Ranger kubwa ya leo hubeba kiasi cha kilo 450 katika kisanduku na kuvuta zaidi ya tani moja. Shambani ni kigari kizuri mno: chepesi, mipira yake ni mipana, springi zake ndefu, na mkulima wa Marekani hukitumia kupeleka mbegu, waya na maji. Lakini kabla hujakitamani fikiri mambo matatu. Kwanza, kimeundwa kwa kazi ya nje ya barabara. Uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, kama kile unachouziwa kinaweza kusajiliwa na kupewa namba. Kisipoweza, hakitafika Kongowea wala Marikiti, na utahitaji gari jingine la kwenda sokoni. Pili, nguvu ya injini hupita katika mkanda wa mpira. Mkanda huo ukiungua kwa mzigo mzito mchangani, kigari kitakaa mpaka mkanda mwingine upatikane, basi nenda kautafute Mombasa kabla ya kununua, si baada. Tatu ni bei: kikiwa kipya huko Marekani kinapita dola 10,000, bado meli, bado ushuru. Kwa bei hiyo waweza kupata pikapu ya kweli. Kwa hoteli ya ufukoni au shamba kubwa la kampuni, sawa. Kwa ekari zako 10, sisi tunasema bado.

SIKU YA KUPIMA

Umekwisha chagua magari mawili au matatu katika daftari. Panga siku moja tu kuyapima yote. Njoo na fundi wako uliyemlipa wewe kwa siku. Fundi aliyeletwa na dalali ni fundi wa dalali, na malipo yake yamo ndani ya bei ya gari.

Mwambie mwenye yadi usiku ule ule kwamba injini isiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa; ondoka urudi kesho, au usirudi. Injini ya dizeli iliyochoka huonyesha uchovu wake inapowashwa baridi, na moshi wa buluu unaoendelea baada ya dakika chache ni oili inayoungua.

Kisha pakia mzigo. Hili watu huliona la ajabu, lakini ndilo somo lote. Gari tupu halikwambii lolote, maana wewe hutalitumia tupu. Njoo na magunia matupu, nunua mchanga, jaza, pima. Upande wa mzigo usipakie watu, kwa kuwa sheria inakataza na tena ni hatari. Mzigo ule ule uhamishwe kutoka gari la kwanza kwenda la pili. Wenye yadi watanung'unika. Waache wanung'unike, fedha bado ziko mfukoni mwako.

Njia yetu ni hii. Anza Makupa, shuka na barabara ya Jomo Kenyatta mpaka Mwembe Tayari, ingia barabara ya Digo mpaka Marikiti, lile soko la zamani ambalo Waingereza waliliita Mackinnon. Hapo, asubuhi, utasimama. Mikokoteni, matatu, tuktuk na wachukuzi wataziba njia. Vizuri! Ndivyo tulivyotaka. Tazama sindano ya joto. Gari la rediata iliyoziba huenda salama barabara wazi, kisha huchemka likisimama juani na mzigo mgongoni. Kaa hapo dakika 20, klachi ikishikwa na kuachwa, na uandike sindano imefika wapi.

Kutoka hapo zunguka kwa barabara ya Nkrumah mpaka Fort Jesus, uingie Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Mitaa hii ilijengwa kwa miguu ya watu, punda na mikokoteni, na nyumba zimesogeleana kwa baraza zake hata roshani karibu kugusana. Usiende Ijumaa adhuhuri wala wakati watoto wanatoka madrasa, na usipige honi ovyo, maana umeingia nyumbani kwa watu. Enda polepole, ukafike kona ambayo gari haliwezi kuikata kwa mara moja. Hesabu: limekata kwa mara ngapi? Suzuki Carry hugeuka kwa nusu kipenyo cha mita 3.6. Jimny ni mita 4.9. Land Cruiser ya pikapu huhitaji duara la mita 14 hivi kutoka upande hadi upande. Tarakimu hizo katika karatasi hazina maana mpaka uone ukuta wa mawe ya matumbawe mbele ya boneti na baiskeli nyuma.

Utauliza, mimi wa skimu nina haja gani na kichochoro? Haja mbili. Njia yako ya kuingia shambani, kati ya minazi na ua wa jirani, huenda ni nyembamba kuliko Ndia Kuu, na lori lisiloweza kugeuka hurudi kinyumenyume hadi barabara kuu. Tena wateja wazuri wako humo humo. Mwezi wa Ramadhani nyumba za Mji wa Kale na Kibokoni zinataka nazi, mihogo, ndizi na mbaazi kila siku, na mkulima anayeweza kushusha mzigo mlangoni hapitii mikononi mwa madalali watatu. Kwa biashara hiyo kile kipikapu cha kuchekwa kinapita magari yote.

Mwisho wa safari ni Likoni. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mteremko wa kuingia feri huwa mkali, na gari lenye mzigo likitoka upande wa pili hupanda kama linapanda ukuta. Gari la breki ya mkono mbovu au klachi iliyoisha litajulikana hapo. Lakini usifanye majaribio ndani ya umati wala ndani ya feri. Tafuta mwinuko mwingine mtulivu, simamisha gari katikati yake, shika breki ya mkono peke yake, uhesabu mpaka 60. Likiteleza hata kidogo, breki haifai. Hili si jambo la mzaha. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kutoka feri hapo Likoni likatumbukia baharini, na waliokuwa ndani, mama na mtoto wake, walikufa. Ukiwa ndani ya feri, breki ya mkono ivutwe, gia iwekwe, na dereva asisinzie. Wakulima wa Kwale tangu 2024 wanaweza kupita njia ya Dongo Kundu bila feri, ila ongeza kilomita hizo katika hesabu yako ya mafuta.

Gia ya magurudumu manne usiijaribu juu ya lami kavu, kwa kuwa magari mengi ya namna hii hujikaza na kuvunja vyuma vyake. Ijaribu mchangani, na hakikisha gia ndogo inaingia na kutoka. Gari la mtumba ambalo halikuwahi kuitumia mara nyingi huwa imeganda.

LALA CHINI YA GARI

Vaa nguo mbovu, chukua tochi na nyundo ndogo, ingia chini. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu siku ile, fanya hili.

Watu hudhani gari lililotoka Japani juzi haliwezi kuwa na kutu. Mikoa ya kaskazini ya Japani hupata theluji nyingi, na huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililokaa miaka sita katika njia hizo limeoga chumvi kuliko gari la mvuvi wa Mombasa. Gonga chasisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya debe bovu. Tazama mahali springi za nyuma zinaposhikilia chasisi, tazama mabomba ya breki, inua zulia uone sakafu. Na rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini mzima mzima, ikinukia, hiyo isikufurahishe. Muulize muuzaji ilikuwa inaficha nini.

Mipira nayo isomwe. Ubavuni mwa kila mpira kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira waweza kuwa na meno marefu na bado umekauka kwa uzee, na mawe ya matumbawe ya huku kwetu huupasua ubavuni. Mipira minne mipya ni fedha nyingi, basi iongeze katika bei ya gari husika. Twaona vijana wengi wanavutwa na mipira mipana na vyuma vya kuzuia ng'ombe mbele. Vyuma hivyo ni uzito tu. Mzigo wa nazi ungekaa mahali pake.

SPEA KABLA YA GARI

Jambo moja dogo ambalo wachache hulifanya. Andika vitu sita: diski ya klachi, pampu ya maji, seti ya breki za mbele, beringi ya gurudumu, chujio la mafuta, na shokapu moja. Nenda katika maduka matatu kuanzia Mwembe Tayari hadi Makupa, uulize bei ya vitu hivyo sita kwa kila gari ulilolichagua. Uliza kipya na uliza cha mtumba. Pia uliza, "Kipo sasa hivi, au ni cha kuagiza?" Jibu hilo la pili ni kubwa kuliko bei. Gari lililo chini ya mwembe siku 20 likingoja pampu wakati maembe yanadondoka limekula faida ya msimu mzima. Gari linaloonekana kila mahali barabarani, hata kama si zuri sana, huwa na spea kila mahali.

KARATASI NA FEDHA

Gari la mtumba linaloingia Kenya kutoka nje lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka, usukani uwe upande wa kulia, na liwe na cheti cha kukaguliwa kabla ya kupakiwa melini kwa kanuni za Shirika la Viwango. Cheti hicho kina kilomita zilizosomwa siku ile. Zilinganishe na zilizo katika gari sasa. Zikiwa zimepungua, gari halikurudi ujana, mtu amezirudisha.

Kwa gari lililokwisha kusajiliwa hapa, fanya utafutaji wa rekodi kwa NTSA kabla ya kutoa hata senti. Jina la mwenye gari liwe la huyo anayekuuzia, namba ya chasisi iwe ile ile iliyogongwa katika chuma, na iwapo jina la benki limo, deni halijaisha. Arbuni iandikwe katika karatasi yenye sahihi, ikisema itarudishwa kama fundi wako ataona ila. Muuzaji akikataa sharti hilo, amekwisha kukuambia habari ya gari lake. Kumbuka vile vile kwamba pikapu ni gari la biashara: lina ukaguzi wake wa kila mwaka, bima yake, na kodi yake ya kulipwa mapema.

Na shamba? Wapo watakaokushauri uweke hati ya shamba rehani ili upate gari jipya. Wengi wenu mlilipa deni la ardhi hiyo miaka mingi hata mkapewa hati. Gari huanza kushuka thamani siku linapotoka yadi, na deni halishuki nalo. Sheria yenyewe inaona hatari hiyo, ndiyo maana rehani ya ardhi ya kilimo hutakiwa kupata idhini ya bodi ya ardhi, na mke au mume hutakiwa kukubali ikiwa nyumba ya ndoa imo. Mke akikataa kutia sahihi, msikilize. Badala yake wakulima sita wenye hesabu zinazofanana wanaweza kununua gari moja, maadamu wameandika kwanza nani atabeba siku gani, nani dereva, na kila safari inaweka kiasi gani kwa ajili ya mipira na injini. Bila maandishi hayo ugomvi utaanza msimu wa kwanza.

Na ukikuta katika daftari lako kwamba unahitaji gari majuma 10 tu kwa mwaka, usinunue. Kodi pikapu kwa majuma hayo, mkiwa wengi mkubaliane bei na mwenye gari kabla ya maembe kuiva, si siku yanapodondoka.

Ukilipata gari, hamisha umiliki katika NTSA kabla ya kuondoka Mombasa na muuzaji akiwa mbele yako. Badilisha oili na machujio yote, kwa kuwa hujui yalibadilishwa lini. Hakikisha jeki na spana ya magurudumu vimo, na mpira wa akiba una upepo. Safiri mchana. Na ikiwa ulivuka Likoni maji yakiwa yanagusa magurudumu, ukifika nyumbani lioshe chini kwa maji matamu usiku huo huo, kabla chumvi haijakauka.